Mita Sita kwa Tepu ya Dada

Mimi ni kinyozi, na mtaa mzima unaniita Wembe. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Dada yangu anasema ni kwa sababu ya mdomo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenipa jina hilo nikiwa bado natembea peku, kabla sijanyoa hata kichwa kimoja, sina la kumjibu.

Dada ni fundi cherehani. Amenizidi miaka kumi na mmoja. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada akaacha shule, akakaa kwenye kiti cha Mama nyuma ya cherehani ya Mama, na tangu siku hiyo hajainuka ila kwa kula, kulala na kunigombeza. Amenilea, amenisomesha, ameniozesha, na mke wangu aliponikimbia, Dada akasema ana haki. Ndivyo alivyo. Sina mtu ninayempenda kama yeye, na sina mtu anayenipandisha hasira kama yeye.

Chumba chake cha kazi kiko mwisho wa nyumba yetu, upande wa mashariki, na kina dirisha moja kubwa. Jua la asubuhi linaingia pale likiwa zima. Kazi zote za macho anazifanya saa hizo: kutia vifungo, kushona pindo kwa mkono, kudarizi uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Mchana anakata, jioni anapiga pasi. Taa ya umeme haimfai kitu. Macho yake yamechoka, na kwenye taa, nyeusi na buluu kwake ni mamoja. Mwaka juzi mawingu yalitanda wiki nzima, akashona koti la Mwalimu, jirani yetu mstaafu, chini ya taa. Lilipotoka lilikuwa jeusi, mkono mmoja wa buluu. Mwalimu amesahihisha makosa ya watoto miaka arobaini na amechoka kusahihisha. Alilivaa kwenye harusi mbili bila kusema neno.

Binti wa Dada ameolewa mji mwingine, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: Mama, njoo ukae na sisi, upumzike. Dada naye ana jibu moja tu.

"Siku nitakaposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, nitakuja."

Kwa hiyo siku bango lilipowekwa kwenye kiwanja kitupu kilicho mbele ya dirisha lile, likiwa na picha ya jengo la ghorofa nane na watu weupe kwa weusi wakitabasamu vibarazani, mimi sikuona ghorofa. Niliona Dada akifunga sanduku. Jua likiondoka, na yeye ataondoka. Nilijua hivyo, yeye alijua hivyo, na hatukuambizana kitu.

Mwenye mradi tulimwita Bwana Ghorofa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi kuliko yote, maana mtu mbaya ni rahisi kumchukia. Alikuja mwenyewe uani kwetu, tumbo mbele, koti limembana, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akaketi kwenye benchi bila kulipangusa.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema akicheka, "na mimi sikuja mkono mtupu."

Akatandaza ahadi zake. Njia yetu itawekwa taa. Nyumba zote za upande wetu zitapakwa rangi upya, vumbi la ujenzi likishatulia. Jengo litakaa mita sita kutoka ukuta wetu, ili hewa na mwanga vipite. Na kwa kuwa kibanda changu cha kunyolea kilikuwa kwenye pembe ya kiwanja chake na lazima kivunjwe, mimi nitapewa fremu ya kona, chumba cha biashara chini ya jengo, inayotazama barabara, bila kodi kwa miaka kumi.

Nikuambie ukweli, hapo nilikosa usingizi kwa furaha. Miaka ishirini na mitano nimenyoa watu ndani ya kibanda cha mabati ambacho mvua ikinyesha mteja anashika mwavuli kwa mkono mmoja na kioo kwa mkono wa pili. Fremu ile ilikuwa na mlango wa kioo kutoka juu hadi chini. Nilishaona kwa macho ya moyo kiti cha kuzunguka, maji ya bomba, na jina langu likiandikwa kwa rangi nyekundu. Mita sita nazo zilisikika nyingi ukizitamka. Mwalimu, aliyekuwa katibu wa kamati ya mtaa, akaandika yote kwenye daftari. Mimi, mwenyekiti, nikatia sahihi kwa mbwembwe.

Wiki mbili baadaye wakapiga vigingi na kufunga kamba kuonyesha msingi utakapochimbwa. Dada akatoka nje, akaiangalia kamba, akauangalia ukuta wetu, akatoa tepu shingoni.

Hapa lazima niieleze tepu yenyewe. Ilikuwa ya Mama. Ni ya kitambaa, ya sentimita mia na hamsini, rangi yake ya njano imebaki kwa kukisia, na namba za mwanzo zimefutika kabisa, ila Dada anazijua kwa kidole. Kwa tepu hiyo mtaa mzima umepimwa. Yupo mtu amepimwa nguo ya ubatizo, akaja kupimwa sare ya shule, akaja kupimwa suti ya harusi, na zote zimemkaa. Dada ana daftari nene la vipimo vya kila mtu, vifua na viuno tangu enzi za Mama, na analificha kuliko watu wanavyoficha wasia.

Akapiga magoti kwenye vumbi. Mimi nikashika ncha ukutani. Mia na hamsini, akatia alama kwa chaki. Mia na hamsini tena, chaki. Tena, chaki. Ya mwisho ikaishia mia na thelathini.

"Mita tano na themanini," alisema. Akarudia kupima, jibu likawa lile lile. "Wameiba sentimita ishirini."

Sikungoja aseme mara ya pili. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa unajua, na kufikia saa nane viti vyangu vyote vilikuwa vimepangwa katikati ya njia ya malori, na watu wameketi. Injinia wa mradi, msichana mrefu mwenye kofia ngumu na sauti ya upole, akaja na tepu yake ya chuma. Akapima mbele yetu. Mita sita na kidole kimoja.

"Hiyo tepu ni yenu, itasema ya kwenu!" alifoka Mama Pacha, jirani wa mlango wa tatu. "Mimi nimezaa pacha mara mbili, na kila uzazi Dada Fundi amenipima upya, na kila gauni limenikaa kama nilizaliwa nalo. Wewe na chuma chako hicho umemvisha nani?"

Injinia akaikunja tepu yake ya chuma. Kwetu, mwenye shaka na tepu ya Dada ni sawa na mwenye shaka na kalenda.

Siku nne malori ya saruji yalikaa kwenye foleni. Mwalimu akaandika barua, Kiswahili kimenyooka kama rula: kwa kuwa mmevunja ahadi, jengo lirudi nyuma mita tatu, si sentimita ishirini. Hiyo ilikuwa akili yangu. Nilitaka jua la Dada lipate nafasi, na mwizi aliyeshikwa hana sauti ya kupunguza bei. Siku ya tano Injinia akaleta ujumbe: Bwana Ghorofa amechoka. Atakuja Jumamosi saa nne, atakubali mita tatu, atatia sahihi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa chumbani kwa Dada najinyoa mbele ya kioo chake, naimba. Jua limejaa mezani. Yeye alikuwa anapima kitambaa alichonunua jana yake, na kama kawaida alikuwa anagomba.

"Mita tatu nimelipia. Unaona? Mbili na tisini. Wauza vitambaa wa mji huu wameumbwa bila aibu."

"Hamia duka jingine."

"Maduka yote nimehama! Wote hivyo hivyo. Kila mita wanakula sentimita tatu. Hata yule mzee wa dini, naye anaiba."

Niliendelea kuimba, kisha nikanyamaza. Wembe ulikuwa shavuni. Nikamuuliza polepole:

"Wote, Dada? Wote wanaiba sentimita tatu zile zile?"

"Wamekubaliana."

Nikafuta povu, nikatoka bila kusema, nikaenda kwa Mwalimu kuazima ile rula ya mbao ya mita moja aliyoondoka nayo shuleni siku ya kustaafu. Niliporudi Dada alikuwa ameinuka kuweka maji jikoni. Nikalaza rula mezani, nikalaza tepu ya Mama kando yake, nikainyoosha kwa vidole. Rula ilipofika mwisho, mita moja kamili, tepu ilisoma tisini na saba, na hapo nimeikadiria kwa ukarimu.

Tepu ilikuwa imerefuka. Miaka hamsini ya kuvutwa kiunoni na kifuani mwa watu, kufuliwa na kupigwa pasi, imevutika kidogo kidogo, na kila sentimita yake imenenepa. Nguo zilikuwa zinakaa sawasawa kwa sababu Dada anapima kwa tepu hiyo na kukata kwa tepu hiyo hiyo. Mwili na kitambaa vilidanganywa kwa kiasi kimoja, basi vikapatana. Lakini ardhi haikukatwa kwa tepu ya Mama. Mita sita za Bwana Ghorofa zilikuwa sita.

Nikasikia hatua. Nikaivuta rula kuificha nyuma ya mgongo, na mtu mwenye miaka hamsini na miwili akificha rula ya mita moja nyuma ya mgongo anaonekana jinsi alivyo.

"Toa," alisema Dada.

Nikatoa. Akailaza mwenyewe, akaiangalia muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye namba zilizofutika. Nadhani haikuwa ghorofa aliyokuwa akiiwaza wakati ule. Alikuwa anawaza Mama, na wauza vitambaa wote aliowatukana.

"Sikiliza," nilisema haraka. "Hakuna aliyeona. Saa nne anakuja kutia sahihi. Tukinyamaza, jengo linarudi nyuma, jua lako linabaki. Sahihi moja tu, Dada."

"Na yule msichana aliyepima sawa, tukamwita mwongo mbele za watu?"

"Ni mdogo, atasahau."

"Njia ya mwongo fupi, Wembe."

"Sasa hivi iwe fupi, inatosha! Mimi nataka ifike saa nne na nusu tu!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Unajua kitakachotokea ukisema? Utakaa hapa gizani miezi miwili, halafu utaenda kwa binti yako kukalia kochi. Mimi nitabaki hapa na nani? Nitagombana na nani?"

Hapo ndipo nilipolisema, na nilikuwa sijawahi kulisema. Dada akaniangalia. Akanyoosha mkono akanifuta povu lililobaki sikioni, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa na miaka sita.

"Vaa shati safi," alisema. "Wageni wanakuja."

Nilidhani amekubali. Ni dada yangu, amenilea, na bado nilidhani amekubali.

Saa nne uani palijaa. Bwana Ghorofa alikuja na karatasi zake, Injinia pembeni amekunja mchoro mkubwa chini ya kwapa. Mwalimu akafungua daftari. Nikasimama kufungua mkutano, nikakohoa, na kabla sijatamka "ndugu zangu" Dada akawa amesimama.

"Kabla bwana huyu hajatia sahihi," alisema, "nina neno. Tepu yangu imerefuka. Nimeipima leo. Zile sentimita ishirini hazikuibwa na mtu. Kamba iko mita sita, kama alivyosema huyu binti. Mwanangu, tulikuvunjia heshima. Nisamehe."

Nilitamani ardhi inimeze, tepu yoyote iliyotumika kuipima. Kisha Mama Pacha akasimama polepole, mikono kiunoni.

"Dada Fundi. Imerefuka kiasi gani?"

"Sentimita tatu na kitu kwa kila mita."

"Kwa hiyo kile kiuno changu cha mia moja..."

"Mia na tatu, mama. Na kitu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Mama Pacha akaketi. "Mimi basi nilikuwa na furaha bure," alisema, na kicheko kikaanzia benchi la nyuma, kikaja mbele kikitupiga mmoja mmoja. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Hata Injinia alicheka hadi kofia ikamteleza. Aliyekuwa hacheki ni mimi.

Bwana Ghorofa naye alicheka, lakini alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. "Basi, jamani, hakuna deni. Mita sita ni sita. Viti viondoke njiani, malori yapite. Ahadi zangu nyingine ziko pale pale." Akamgeukia Dada. "Mama, nashukuru kwa ukweli wako. Fundi wangu mimi angekaa kimya."

"Fundi wako ndiye aliyekushonea koti hilo?" aliuliza Dada.

"Ndiyo."

"Mkono wa kushoto umezidi. Na huyo alikuwa na tepu nzima."

Watu wakacheka tena. Na labda ni kicheko hicho kilichomfanya Injinia asiondoke. Alibaki amesimama mbele ya Dada, mchoro kwapani.

"Mama, samahani. Zile mita tatu mlizotaka, mlitaka za nini hasa?"

Ajabu ni kwamba katika vikao vyote hatukuwa tumelisema. Tulisema mita kwa sababu tulidhani watu wa majengo hawaelewi kitu kingine.

"Jua," alisema Dada. "Muda wa saa tatu hivi, kila asubuhi. Basi."

Injinia akaomba kuona. Dada akampeleka chumbani, na sote tulioweza kuenea mlangoni tukasukumana mlangoni. Yule binti akasimama dirishani, akanyoosha mkono mmoja mbele, akahesabu kitu midomoni.

"Mama, hata tungerudi mita tatu, ghorofa nane zingekuziba tu. Isingekusaidia kitu." Akautandaza mchoro mezani, juu ya kitambaa cha mita mbili na tisini. "Jengo linaanzia hapa kwenu. Uwazi wa kuingilia magari uko mwisho wa pili, kule. Ni upana wa mita kumi, hauna kitu juu yake."

Dada aliinama akautazama mchoro kama anavyotazama kipande cha karatasi cha kukatia nguo. Kisha akaushika kwa ncha mbili, akauinua, akaugeuza uso chini, akaubandika kwenye kioo cha dirisha. Jua likapenya karatasi. Mistari yote ikaonekana kwa nyuma: kilichokuwa kulia kikawa kushoto. Uwazi wa magari ulikuwa umekaa mbele ya dirisha lake.

"Mimi nikishakata mkono wa kulia," alisema, "sichori mwingine. Nageuza karatasi, napata wa kushoto."

Injinia akaangalia, akamwita Bwana Ghorofa kwa mkono. Wakanong'ona. Bwana Ghorofa akakuna kidevu. Msingi ulikuwa haujachimbwa. Vyumba ni vile vile, ngazi zile zile, hapotezi kitu. Nilimwona uso wake ukilainika. Halafu Injinia akaweka kidole mahali pamoja kwenye karatasi.

"Kuna hii tu," alisema. "Fremu ya kona. Ikigeuka, inaangukia kule kwenye transfoma ya umeme. Mbele ya transfoma haturuhusiwi kuweka mlango. Hiyo fremu itakufa."

"Tumpe nyingine," alisema Mwalimu.

"Nyingine zote zina wenyewe," alisema Bwana Ghorofa, na alisema kwa masikitiko ya kweli. "Nimeshasaini nao."

Hapo watu wote wakageuka, na hakuna aliyekuwa anaangalia mchoro tena. Walikuwa wananiangalia mimi.

Niliuona ule mlango wa kioo. Niliuona vizuri kuliko siku zote, na kile kiti cha kuzunguka, na jina kwa rangi nyekundu. Nitasema ukweli kwa kuwa Dada ameshaonyesha mfano: nilisita. Nilisita muda wa mtu kuvuta pumzi mbili.

Dada hakungoja ya tatu. "Hapana," alisema, akaubandua mchoro dirishani. "Kibanda chake kinavunjwa, fremu ni haki yake. Sitakaa kwenye jua nililomwibia mdogo wangu. Pitisha malori yako, bwana. Mimi nina binti, ana chumba."

"Dada, kaa chini."

"Usiniambie nikae chini kwangu."

"Kaa chini! Ng'ombe haelemewi na nunduye. Wewe uliacha shule kwa ajili yangu, kuna mtu alikuuliza? Mimi nilikuuliza? Na kioo chenyewe kile, kutoka juu hadi chini, nani angekuwa anakifuta kila asubuhi? Wewe ungekuja kuniambia kina alama za vidole." Nikamgeukia Mwalimu. "Andika. Jengo ligeuzwe. Fremu, mwenyekiti ameiachia. Andika kwa kalamu, si penseli."

Mwalimu akaandika. Bwana Ghorofa akanipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Dada aliingia jikoni akapiga masufuria kwa nusu saa, na hakuniambia ahsante siku ile, wala ya pili yake.

Ghorofa imekwisha sasa. Nyumba zetu zina rangi, njia ina taa. Saa tatu asubuhi jua linaingia dirishani kupitia uwazi wa magari, na linakaa hadi karibu saa tano. Zamani lilikuwa linawahi zaidi, lakini Dada anasema saa mbili zinatosha kwa mtu mwenye mikono. Wauza vitambaa aliwazungukia duka kwa duka kuwaomba radhi. Yule mzee wa dini alikataa kuamini, akadhani ni mbinu ya kutaka kupunguziwa.

Injinia alimletea tepu mpya, ya kitambaa kizuri kisichorefuka. Dada anaitumia akienda kununua vitambaa. Ile ya Mama bado inapima watu, kwa sababu daftari lote limeandikwa kwa lugha yake, na kwa sababu Mama Pacha alisema akipimwa kwa nyingine atahama mtaa.

Siku kibanda changu kilipovunjwa, kabla ujenzi haujaanza, nilikaa uani na kiti changu, kioo changu na mashine zangu kwenye ndoo. Dada akatoka mlangoni.

"Utaota mizizi hapo? Ingia."

Nikaingia. Cherehani ilikuwa imesogezwa pembeni, meza ya kukatia imegeuzwa. Alikuwa na chaki mkononi na tepu mbili shingoni.

"Sikiliza sheria," alisema. "Nywele zako zisivuke mstari. Nikikuta unywele mmoja kwenye kitambaa cheupe, nakunyoa wewe. Tunagawana dirisha nusu kwa nusu, mita mbili wewe, mita mbili mimi, katikati njia ya wateja."

Akapiga magoti. Upande wake akaupima kwa tepu mpya, mita mbili, akachora mstari. Kisha akaivua tepu ya Mama shingoni, akaja upande wangu, akapima mita mbili, akachora mstari mwingine.

"Sawa kwa sawa," alisema bila kuniangalia.

Nilijua mita mbili za tepu ile ni kiasi gani, na yeye alijua kwamba najua. Nikainua kiti changu, nikakiweka ndani ya mstari, pale jua lilipokuwa linaanza kufika.